Machi na jei wa Kanada, msituni Algonquin

Ijumaa

Tumetoka Toronto saa tisa alasiri, wakati ambao mji mzima nao ulikuwa unatoka. Hadi Barrie ni foleni tupu. Baada ya hapo barabara ikafunguka, theluji ikazidi kurundikana pembeni, na tulipoingia Huntsville usiku kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Tumelala hapa. Kesho ni mwendo wa nusu saa na ushei hadi lango la magharibi la Hifadhi ya Algonquin.

Shemeji ndiye dereva. Amekuja kwa sharti moja: ndege aonekane. Hataki habari za kusimama kwenye theluji kutwa nzima huku anaambiwa "subiri kidogo". Nimemtoa wasiwasi kwamba huyu tunayemfuata hatafutwi sana, mara nyingi yeye ndiye anayekuja kukukagua.

"Ni ndege gani hasa, shem?"

"Jei wa Kanada. Ukoo wa kunguru."

Akanyamaza kwa kilomita kadhaa. "Yaani tumechoma mafuta yote haya kwenda kumwangalia kunguru?"

Ni swali la haki kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam. Kunguru anayemjua yeye ni yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, akaenea pwani nzima, na leo anadokoa vitumbua vya watu kuanzia Kariakoo hadi Mombasa. Jei hatuna Afrika Mashariki, wa aina yoyote ile. Huyu wa Kanada, ambaye wataalamu humwita Perisoreus canadensis, ana ndugu wawili tu wa karibu duniani: mmoja yuko kwenye misitu ya baridi kuanzia Skandinavia hadi mashariki ya Siberia, mwingine kwenye milima ya magharibi mwa China. Wote watatu ni ndege wa msitu wa miti yenye majani ya sindano, na baridi ikija hakuna anayehama. Hilo la kutohama ndilo lililonitoa nyumbani. Ndege wengi wa Kanada saa hizi wako kusini wanaota jua. Huyu anajenga kiota.

Jumamosi

Tumelipia kibali cha gari na kupita langoni saa mbili kasoro asubuhi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1893 na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 7,600, lakini mgeni wa siku chache huishia kwenye Barabara ya 60, inayokatiza upande wa kusini kwa kilomita 56. Kila kitu kinatajwa kwa kilomita kutoka lango la magharibi. Hakuna mtu anayekwambia "karibu na ziwa fulani". Utaambiwa "kilomita kumi na tano nukta nne", basi.

Mwanzo wa barabara ni vilima vya miti ya majani mapana, hasa ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Machi hii imesimama mitupu, na ukitazama unaona hadi ng'ambo ya bonde. Ukisonga mashariki barabara inashuka penye vinamasi, na msitu unageuka kuwa mweusi. Hapo ndipo penye sprusi mweusi: mti mwembamba, mrefu, matawi mafupi yaliyoinamia chini, na kwenye matawi hayo zinaning'inia ndevu za kijivu za kuvumwani. Mti wenyewe hauvutii. Wengine wana miaka mia na shina lake ukilishika kwa mikono miwili linaenea. Lakini ndio wenye nyumba ya huyu ndege.

Tumeegesha kilomita 42.5, penye njia ya mbao inayozunguka kinamasi cha sprusi. Njia ni fupi, kilomita moja na nusu tu, na theluji imeshindiliwa na miguu ya waliotangulia. Ukikanyaga pembeni unazama hadi gotini, kama alivyojifunza shemeji mara mbili.

Kimya. Kindi mwekundu alitukaripia, akachoka. Kwa mbali kunguru mkubwa mweusi alilia akipita juu. Tulikuwa tumesimama penye kibaraza cha katikati ya kinamasi, shemeji amefungua chupa ya chai na ameshika andazi mkononi, ndipo nikaona kitu kinateleza kutoka kilele cha mti mmoja hadi kingine bila kupiga mbawa. Hakuna sauti. Kikateleza tena, sasa tawi la mita mbili kutoka usoni pangu. Ndege wa kijivu, mgongo umekolea, kifua kimepauka, uso mweupe na kisogo cheusi kama aliyevaa kofia nyuma-nyuma. Anazidi kidogo gramu 70, ingawa kwa alivyojifutua manyoya ungemkadiria mara mbili ya hapo. Jicho jeusi, kubwa, linakutazama bila haya. Hata tundu za pua zimefunikwa na vijinyoya, asivute hewa ya baridi moja kwa moja.

"Huyu ndiye?" akauliza shemeji, na alipogeuka kuniangalia ndege akatua kwenye vidole vyake, akamega kipande cha andazi, akaondoka.

Nilimfuata kwa darubini. Alitua kwenye sprusi wa hatua kama thelathini na hakumeza. Kichwa kilikuwa kinacheza-cheza, koo linapanda na kushuka, mdomo unafunguka nusu na kufunga. Alikuwa anakikanda kile kipande kwa mate. Jei hawa wana tezi kubwa za mate, na mate yenyewe yananata kama gundi. Alipokitoa tena mdomoni kilikuwa kidonge cha duara, kinang'aa. Akakibandika nyuma ya gamba la gome lililobanduka kidogo, akakidukua mara tatu nne kwa ncha ya mdomo, akarudi nyuma kukiangalia, kisha akanyofoa kipande cha kuvumwani na kukifunika. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Akarudi kwetu kutafuta kingine.

Hiyo ndiyo siri yake yote ya kuishi huku. Kuanzia kiangazi hadi majani yanapopukutika, jei anakusanya kila kinacholika: wadudu, buibui, uyoga, matunda ya porini, makinda ya ndege wengine, nyama ya mizoga iliyoachwa na mbwa mwitu. Kila tonge analibandika mahali pake peke yake. Huko Alaska, ambako siku za kiangazi ni ndefu, imepimwa kwamba ndege mmoja anaweza kuficha zaidi ya vidonge elfu moja kwa siku moja. Na anavificha juu, kwenye magome, panda za matawi na mashada ya sindano, kwa sababu chini patafunikwa na theluji. Halafu miezi inayofuata anapita kuvichukua. Kwa kumbukumbu. Mimi funguo za nyumba tu zinanishinda.

Mchana tulijipasha moto kwenye kituo cha wageni, kilomita 43. Pale kuna kibaraza kinachotazama bonde la sprusi, na ndani kuna maelezo ya utafiti ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo ya ajabu ya hifadhi hii. Mwaka 1964 Russell Rutter alianza kuwavisha jei wa Barabara ya 60 pete za rangi miguuni, kila ndege na mpangilio wake. Dan Strickland, aliyekuja kuwa mkuu wa wataalamu wa mazingira wa hifadhi, akaichukua kazi hiyo na kuiendeleza kwa miongo. Baadaye Ryan Norris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph wakaingia. Kwa hiyo ukoo wa ndege aliyemwibia shemeji andazi huenda unajulikana vizazi vingi nyuma. Nilikuwa nimeziona pete zake: mguu mmoja nyeupe juu ya ya chuma, mwingine bluu.

Hapo pia shemeji amesoma kwamba mwaka 2016 Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya Kanada ilimpendekeza huyu jei awe ndege wa taifa, ingawa kwenye kura za wananchi ndege mwingine, mzamiaji wa maziwani, ndiye aliyeongoza. Serikali haikupitisha chochote. Mwaka 2018 Jumuiya ya Ndege ya Marekani ikamrudishia angalau jina la Kanada, maana tangu 1957 vitabu vilikuwa vinamwita jei wa kijivu. Shemeji ameshakuwa wakili wake. "Anakaa hapa baridi yote, hakimbilii Florida. Wangempa." Jana usiku alikuwa kunguru.

Jumapili

Nyuzi 21 chini ya sifuri alfajiri, anga safi. Tumeenda Barabara ya Opeongo, inayochepuka kwenye kilomita 46.3. Wakati wa baridi inafungwa kwa geti, unaacha gari na kutembea. Pande zote mbili ni sprusi na vinamasi, na watazamaji ndege wa Ontario wanaijua kama njia ya msikitini.

Tulimkuta mzee mmoja mstaafu na mkewe, wameketi kwenye viti vya kukunja juu ya theluji, wana darubini ya miguu mitatu. Wanakuja kila mwaka majira haya. Mzee akanionyesha kwa kidole cha glovu: jei alikuwa amebeba nyoya la ndege mwingine, refu kuliko kichwa chake, anakata barabara kuelekea upande wa jua. Tukatulia. Baada ya muda akapita mwingine, mdomoni ana kitu cheupe kama pamba. Mzee akasema ni utando wa vifukofuko vya viwavi. Wanautumia kuunganishia vijiti, halafu ndani wanatandika manyoya na nywele za wanyama hadi kikombe kiwe kizito. Kiota hukaa kwenye sprusi, mara nyingi upande wa kusini-magharibi wa mti ili kipate jua la alasiri. Hawa walikuwa wamechelewa kidogo. Majike wengine mwanzoni mwa Machi wameshakaa juu ya mayai.

Hili nilikuwa nimelisoma, lakini kulisimamia kwenye baridi inayouma meno ni kitu kingine. Jike hutaga mayai mawili hadi matano, kwa kawaida matatu, na huyaatamia peke yake kwa siku kama 18. Usiku huteremka nyuzi 30 chini ya sifuri naye amekaa pale pale. Dume anamletea chakula, na chakula hicho hakitoki dukani wala ardhini. Ni akiba. Makinda wakitotolewa msitu bado mweupe, na hukaa kiotani zaidi kidogo ya wiki tatu. Wakishatoka, basi. Wazazi hawalei kundi la pili, hata kama kiangazi chote kipo mbele yao na inzi wamejaa.

"Sasa kwa nini asingoje Mei kama wenzake?" Shemeji aliuliza kwa Kiswahili, nikamtafsiria mzee.

Mzee alijibu kwa kuhesabu vidole. Anayezaliwa mapema ana muda mrefu wa kukua, kujifunza msitu na kujiwekea akiba yake kabla ya baridi ijayo. Kisha akaongeza jambo lililomfanya shemeji asahau vidole vyake vilivyoganda: Juni, watoto wanapokuwa na umri wa miezi miwili hivi, wanaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja, mara nyingi dume mwenye nguvu kuliko wote, anawafukuza ndugu zake wote kwenye himaya ya wazazi. Yeye anabaki na baba na mama hadi mwaka unaofuata. Waliofukuzwa wanatafuta jozi nyingine isiyo na mtoto iwapokee, na wengi wao wanakufa kabla majani hayajapukutika.

"Na wazazi wanaangalia tu?"

Wanaangalia tu.

Ile jozi iliyobeba nyoya ilikuwa na wa tatu. Kwa rangi hutamtofautisha, maana mavazi meusi ya utotoni huyavua mwaka ule ule. Kinachomtambulisha ni pete, na tabia. Alikuwa anafuatana nao kwa mbali, anadokoa hiki na kile, na kila alipokaribia upande wa kile kiota mmoja wa wazazi alimkurupua. Ndiye yule aliyewafukuza wenzake, na sasa naye anawekwa kando. Ndege wengi wanaoishi kifamilia hutumia vijana kusaidia kulisha makinda. Jei hawa hawamruhusu kusogea hadi makinda watoke kiotani, ndipo anaruhusiwa kuwalisha. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba pilikapilika nyingi zingewaonyesha kindi na kunguru kiota kilipo, na hao wawili wanapenda mayai.

Tulikaa nao hadi saa sita. Wale wazee walitugawia supu, sisi tukawapa maandazi, na mama yule akataka kujua tumeweka nini ndani. Iliki, nikamwambia.

Alasiri nilitaka tuone upande wa pili wa habari. Tulirudi magharibi, kwenye vilima vya miti mitupu, tukatembea njia moja ya msituni kwa saa mbili. Kulikuwa na vindege vidogo vyenye kofia nyeusi, kigogota mmoja, basi. Jei hakuna. Miaka ya 1970 himaya zao zilikuwepo hata maeneo yenye mchanganyiko wa miti kama haya, na zilikuwa zinapakana. Tangu hapo idadi yao kwenye eneo la utafiti imeshuka kwa zaidi ya nusu, na himaya zilizoachwa kwanza ni hizi zenye sprusi wachache.

Mwaka 2006 Strickland na Thomas Waite walichapisha maelezo yao. Algonquin iko kwenye ukingo wa kusini wa eneo la ndege huyu, ambalo kwa sehemu kubwa ni msitu wa kaskazini kutoka Newfoundland hadi Alaska. Majira ya majani kupukutika yakiwa na joto, walikuta kwamba jozi hutaga kwa kuchelewa na kulea watoto wachache. Walichokitaja ni akiba kuoza. Utafiti wa baadaye ukaongeza la kuganda na kuyeyuka: tonge lililoganda Novemba, likayeyuka, likaganda tena, halifiki Machi likiwa na kitu. Mti nao una neno lake. Watafiti walipobandika funza na zabibu kavu kwenye miti mbalimbali kupima, chakula kilidumu vizuri zaidi kwenye sprusi na misonobari kuliko kwenye miti ya majani mapana, na inadhaniwa utomvu na magome yake yanazuia vijidudu. Nyumbani mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya moto wa jikoni, na moshi ndio uliofanya kazi hiyo.

Nimekaa Kanada muda wa kutosha kusikia kila mtu wa kwetu akiombea baridi ipungue, na mimi sauti yangu imo. Hapa kuna kiumbe ambaye ghala lake ni hiyo baridi. Haimtishi. Kinachomuua ni Novemba yenye hali nzuri, ile ambayo sisi tunapigiana simu kusema mwaka huu afadhali.

Shemeji amesema basi tuwaletee chakula. Wapo wanaofanya hivyo, na data ya miaka 43 pamoja na majaribio ya Guelph zinaonyesha kweli kwamba chakula ndicho kinachobana uzazi wao: waliopewa ziada walitaga mapema na mayai zaidi. Lakini ndege anayeficha chakula cha miezi hutamwokoa kwa maandazi ya Jumamosi kando ya barabara kuu, na magari ya Barabara ya 60 yanakwenda mbio.

Jumatatu

Usiku upepo umegeuka. Saa moja asubuhi ilikuwa nyuzi moja tu juu ya sifuri, matone yanadondoka kutoka paa la nyumba ya wageni, na barabara imekuwa uji. Tumepita tena kinamasi cha kilomita 42.5 kwa kuaga. Jei wa pete ya bluu alikuja baada ya dakika chache, akakagua mikono yetu mitupu, akaenda kwenye sprusi wake. Sikuona kama alifika gome lile lile la juzi, lakini alichomoa kitu nyuma ya gamba, akakimeza, na safari hii akatoa sauti: mruzi laini wa kushuka, mara mbili, na jibu likatoka ndani zaidi msituni.

Njiani shemeji amekuwa akipanga turudi Juni, tuone watoto wanavyofukuzana. Anataka kuleta watoto wake nao waone, sijui kwa somo gani. Nimemwambia Juni Algonquin ina inzi weusi wanaoingia masikioni, wakichoka wanakabidhi zamu kwa mbu. Ameuliza kama kuna dawa ya kupaka. Ipo. Basi, amesema, ninunue mbili, na maandazi safari hii yeye habebi mkononi.